Kadi mpya giza, kadi ya zamani nayo giza: kisa cha kubadilisha kadi ya grafiki

Mashine ililetwa ikiwa wazi ubavuni, skrubu zimetiwa kwenye kimfuko, kadi mbili zimeviringishwa kwenye taulo moja. Mwenyewe ni kijana anayehariri video, kaamua kuitoa GTX 1060 aliyokaa nayo muda mrefu ili aweke RTX 3070. Maelezo yake yalikuwa mafupi tu, ukiweka kadi mpya mashine inawaka, feni zinazunguka, kioo kinabaki cheusi, akarudisha ya zamani nayo ikawa vilevile, cheusi. "Fundi, nadhani nimeua madabodi," ndo neno lake la kwanza.

Nimeamua kukiandika kisa hiki chote kwasababu karibu kila kilichoharibika kiliharibika wakati wa kutoa kadi, sio wakati wa kuweka. Maelekezo mengi ya hii kazi yanamaliza kutoa kwa sentensi moja, "chomoa kadi ya zamani", afu yanamwaga maneno kibao kwenye kuweka. Mi naona ni kinyume kabisa. Kuweka kadi kwenye sloti safi ni kazi ya dakika chache, na ikigoma mara nyingi kuna kitu aliyetoa amekiacha nyuma yake, iwe uchafu, waya uliokosewa, au kitu kilichovunjika na hakukiona.

Tuanze na ile giza. Kadi ya zamani ilikuwa inafanya kazi asubuhi ileile aliyoitoa, kwahiyo kusema kadi mbili zimekufa kwa pamoja ni kulazimisha, inawezekana ila usianzie hapo. Anzia kwenye vitu ambavyo kadi zote mbili zinachangia: kioo na kebo yake, pawa saplai, sloti, na bodi yenyewe. Kioo na kebo tulivijaribu kwenye mashine nyingine, vizima. Prosesa yake ni ya aina isiyo na grafiki ya ndani, kwahiyo hata ukichomeka kioo kwenye tundu la HDMI la bodi huoni kitu, na hapo nitachomekea neno moja: watu wengi sana wanabadilisha kadi vizuri kabisa afu wanachomeka kioo kwenye bodi badala ya kwenye kadi, wanakaa wanalia kadi mbovu. Angalia hilo kabla hujafungua chochote. Huyu hakukosea hapo.

Bodi yake ina vitaa vidogo vinne pembeni, kimoja cha prosesa, kimoja cha ram, kimoja cha VGA (yaani kadi ya grafiki), kimoja cha kuwakia, na ukibonyeza pawa kinachobaki kinawaka ndo mahali mashine ilipokwama. Kilichobaki ni cha VGA. Maana yake prosesa imepita, ram imepita, bodi inatafuta kadi ya grafiki haiioni. Hiyo peke yake ilinipa moyo, bodi iliyokufa haikupi majibu ya kistaarabu namna hiyo.

Chini ya sloti ya juu bodi ina sloti nyingine ndefu, ambayo kwa umbo ni x16, yaani ya njia 16 za data, ila ndani imeunganishwa njia nne tu. Nikaomba kadi ya zamani, nikakagua meno yake, ule ukingo wa dhahabu unaoingia kwenye sloti, kwanza kwa lenzi na tochi (hii usiiruke, kadi yenye takataka kwenye meno inaweza kuzihamishia sloti ya pili nayo ukaanza upya), nikaichomeka pale chini. Picha ikaja. Kwahiyo bodi nzima, kadi ya zamani nzima, pawa nzima, tatizo limebaki mahali pamoja tu: sloti ya juu. Hapo nikamkalisha chini nikamwambia, mdogo wangu, nisimulie ulivyoitoa, usiruke kitu, hata kile unachoona aibu.

Alivyoitoa

Alizima mashine kutoka Windows, akasubiri feni zisimame, akafungua ubavu. Plagi hakuichomoa ukutani na swichi ya nyuma ya pawa saplai hakuizima. Nikamuuliza kama kuna kitaa chochote kilikuwa kinawaka ndani, akasema kipo, kwenye kona ya bodi, akadhani ni urembo. Sio urembo. Pawa saplai za ATX, tangu huo mpangilio ulivyotoka Intel mwaka 1995, zina laini ya volti 5 ya kusubiria ambayo inabaki hai muda wote mashine ikiwa imechomekwa, hata kama "imezimwa". Ndo hiyo inayofanya mashine iweze kuamshwa kwa kibonyezo, kwa kibodi au kupitia mtandao. Na kwenye sloti ya PCI Express, ndo hiyo ya kadi ya grafiki, kuna pini ya volti 3.3 ya akiba inayoweza kuwa hai kwa njia hiyohiyo. Umeme huo haukurushi wewe, ila ukiwa unachomoa kadi au unapitisha bisibisi ya chuma katikati ya pini, shoti ndogo tu inatosha kuharibu bodi. Utaratibu ninaoutumia ni huu: zima kutoka kwenye Windows, zima swichi ya nyuma, chomoa plagi, afu bonyeza kile kibonyezo cha kuwashia ukishikilie sekunde kadhaa ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe, utaona feni zinajikuna kidogo au kile kitaa kinafifia na kuzimika. Kitaa kikiwa bado kinawaka, mkono hauingii ndani.

Kuna wanaosema plagi iachwe ukutani na swichi ya nyuma izimwe ili kasha libaki na athi, ule waya wa kwenda ardhini. Nawaelewa, hoja yao ni umeme tuli. Ila ukweli ni kwamba kinachotakiwa sio athi kama athi, ni wewe na kasha na kadi kuwa kwenye kiwango kimoja cha umeme, na hilo unalipata kwa kugusa chuma kitupu cha kasha kabla hujagusa kadi na kurudia kugusa mara kwa mara, au kwa kuvaa mkanda wa mkononi uliobanwa kwenye chuma cha kasha. Mi nachomoa. Na msidharau umeme tuli eti kwasababu hamjawahi kuusikia, mtu anaanza kuhisi ile cheche ikifika kama volti 3000 hivi, wakati kuna vipande vya elektroniki vinavyoumia chini ya volti 100, yaani unaweza kuua kitu na kidole chako kisijue. Kijana alikuwa amekaa kwenye zulia na soksi. Kadi zilipona, ila mi nisingependa kurudia hilo jaribio kwa kadi yangu.

Akaendelea. Kebo ya kioo aliivuta ikagoma, akaivuta zaidi ikatoka. Ilikuwa DisplayPort. Kebo nyingi za DisplayPort zina kidude cha kubonyeza juu ya kichwa chake, kina vindoano viwili ndani, usipokibonyeza unavuta tundu la kadi lenyewe. Nikaliangalia lile tundu, limepinda kidogo kwenye mdomo ila linashika bado. Kebo ya pawa ya pini 6 aliitoa vizuri, alibonyeza klipu yake akashika kichwa badala ya waya. Skrubu ya nyuma akatoa moja, akavuta kadi ikagoma, akagundua kuna ya pili, akaitoa. Mpaka hapo ni ajali za kawaida.

Ndo tukafika kwenye klipu. Mwisho wa sloti ndefu, upande ulio mbali na nyuma ya kasha, kuna klipu ya plastiki inayoshika kindoano kilichochongwa kwenye kadi, kazi yake kadi isinyanyuke yenyewe ikiwa nzito au mashine ikisafirishwa. Hii klipu haifanani kwenye bodi zote, nyingine unaisukuma chini, nyingine unaisukuma pembeni kuelekea nje, nyingine inateleza, na bodi mpya kadhaa zimewekewa kibonyezo mbali kidogo kinachovuta klipu kwa waya au kwa mkono mwembamba wa chuma ili usihangaike kuingiza vidole. Yake ni ya kusukuma chini. Tatizo, kadi ikiwa mahali pake na kile kipoza prosesa kikubwa kimening'inia juu, kidole hakifiki na jicho halifiki. Kwahiyo akachukua bisibisi bapa, akaipitisha kwa kubahatisha, akasukuma huku mkono mwingine unavuta kadi. "Ikasikika tak, kadi ikatoka, nikafurahi."

Ule mlio ndo kisa chenyewe. Klipu haikufunguka, ilikatika.

Kipande kilichokatika

Nililaza kasha, nikamulika sloti kutoka juu, sikuona kitu. Sloti ni nyeusi, klipu nyeusi, ndani giza, lazima tochi uilaze karibu ilingane na sloti ili chochote kilicho ndani kitupe kivuli. Hapo ndo kikaonekana: kipande cha plastiki chembamba kama ukucha uliokatwa, kimekaa chini kabisa kwenye ile sehemu fupi ya sloti, upande wa nyuma wa kasha, mbali kabisa na klipu ilipovunjikia. Kimefikaje huko? Alikuwa anatoa kadi kasha likiwa limesimama, kipande kikaruka kikatua popote juu ya bodi au kwenye mapezi ya kipoza, baadae alipolilaza kasha ili aweke kadi mpya kikadondokea kwenye mdomo wa sloti, na kadi mpya ikakisindilia chini. Hakuona kwasababu hakuwa anatafuta, kwake klipu "ilifunguka".

Na bahati mbaya kilitua sehemu mbaya kuliko zote. Sloti ya x16 ina pini 164 jumla, na ukiiangalia utaona imegawanywa na kizuizi kidogo, upande mmoja mfupi na mwingine mrefu. Ule mfupi una pini 11 tu kila upande, ila ndo penye umeme wa volti 12 na 3.3 unaolisha kadi kutoka kwenye bodi, na ndo penye ile ishara ya kuiambia kadi "sasa amka". Zinazofuata mara tu baada ya kizuizi ni pini za saa ya marejeo, yale mapigo yanayofanya kadi na bodi ziende pamoja, na za njia ya kwanza ya data. Kadi ikinyanyuliwa upande huo, hata kwa kiasi ambacho ukiangalia kutoka juu huoni, basi haiamki kabisa. Ingekuwa kipande kimeangukia mwisho wa sloti, kule mbali, ingewezekana kabisa kadi iwake na picha ije, ila ifanye kazi kwa njia chache. Kumbuka hilo, litarudi mbele.

Na ndo maana zile feni zilikuwa zinamdanganya. Kadi ya RTX 3070 inakula mpaka watt 220, na sloti yenyewe inaruhusiwa kutoa mwisho watt 75, kwahiyo umeme mwingi unaingia kwa kebo za juu, pini 8 moja inahesabiwa watt 150. Feni kuzunguka kunakwambia tu kwamba umeme umefika kwenye kadi kwa njia mojawapo, hakukwambii kwamba kadi na bodi zinaongea.

Kukitoa kile kipande sikutumia kibano cha chuma. Plagi imechomolewa, sawa, ila ncha ya chuma ikipinda pini moja ndani ya sloti umeingia kwenye kazi ya kubadilisha sloti nzima, kazi ya kuchomelea pini mojamoja ambayo sio kila fundi anaitaka. Niliinua kasha nikaligeuza sloti iangalie chini, nikapuliza kwa pampu ya mkono, kikasogea hakikutoka, nikamalizia na kibano cha plastiki. Halafu nikapitisha lenzi pini kwa pini. Unachotafuta ni pini iliyotoka kwenye mstari, zote zinatakiwa zisimame sawasawa kama zilivyopangwa kiwandani. Zilikuwa salama. Karibu na mwisho wa sloti kulikuwa na mchubuko wa bisibisi kwenye bodi, urefu wa kama sentimeta moja, nikauangalia kwa lenzi kwasababu hapo chini zinapita nyaya nyembamba za shaba. Ulikuwa umechubua ile rangi ya juu tu, shaba haikuonekana. Angeteleza kidogo pembeni angeng'oa vikapasita vidogo vilivyopangwa hapo jirani na leo tungekuwa tunaongea mengine.

Kwa anayekutana na klipu ya namna hii: kama kidole hakifiki tumia kitu kirefu cha plastiki au mbao kisicho na ncha, mwisho wa kalamu ya plastiki unatosha, na kabla hujasukuma piga picha kwa simu kwa kuiingiza pale kidole kisipofika ili ujue klipu ni ya aina gani na inaelekea wapi. Sukuma klipu kwanza, usivute kadi wakati huohuo. Klipu ikifunguka utaihisi, kadi inalegea kidogo upande ule. Ndo uishike kadi kwa kingo zake, mkono mmoja upande wa bamba la nyuma, mwingine mwisho, uivute moja kwa moja kutoka kwenye sloti huku ukiilegeza mwisho huu na mwisho ule kidogokidogo, usiizungushe ubavuni. Usishike feni, na usishike meno ya dhahabu. Na kama kadi imetoka kufanya kazi nzito iache ipoe kwanza, sio kwa ajili ya kadi, kwa ajili ya vidole vyako, maana mtu akiungua anaachia kadi.

Kuhusu kebo, hili nusura liwe kubwa kuliko klipu

Hili alilitaja mwishoni kabisa, kama kitu kidogo. Kadi ya zamani ilitaka pini 6 moja tu. Mpya inataka pini 8 mbili. Pawa saplai yake ni ya watt 650, ndo kiasi ambacho NVIDIA wenyewe wanakishauri kwa hiyo kadi, na ni ya aina ya kebo zinazochomoka. Ndani ya kasha kulikuwa na kebo moja ya kadi, akahitaji ya pili, akachukua kwenye droo kebo ya pawa saplai nyingine ya zamani, ya kampuni nyingine, ikaingia vizuri tu, akabonyeza pawa, mashine ikagoma kabisa, hata feni hazikutikisika. Akaichomoa, akakumbuka boksi la pawa saplai yake lina kebo ya pili, akaiweka hiyo, mashine ikawaka na giza likaanza.

Kwake hiyo ilikuwa "kebo mbovu". Haikuwa mbovu. Upande wa kadi hizi kebo zina mpangilio mmoja unaofuatwa na wote, ila upande wa pawa saplai hakuna sheria, kila mtengenezaji anapanga anavyotaka, na hata kampuni moja inaweza kuwa na mipango miwili kwenye matoleo tofauti. Soketi zinafanana umbo, waya zimepangwa tofauti, kwahiyo volti 12 inakwenda kutokea pale panapotakiwa kuwa hasi. Mashine kugoma kuwaka ilikuwa pawa saplai imeona shoti ikajizima yenyewe. Alibahatika shoti ilikuwa ya wazi namna hiyo. Mpangilio mwingine ungeruhusu umeme upite, na hapo ama kadi ama diski zinakwenda. Kebo ya pawa saplai moja usiihamishie nyingine, hata kama inaingia laini kiasi gani. Ukiiuza au kuitupa pawa saplai, iondoke pamoja na kebo zake zote.

Na kuna ndugu yake huyo tatizo, kebo ya pini 8 ya prosesa. Nayo ina pini 8, nayo ni nyeusi, nayo inakaribia kuingia kwenye kadi, ila chanya na hasi zimegeuzwa. Vichwa vyake vimechongwa tofauti makusudi ili visiingie, ila kwa nguvu za mtu aliyekata tamaa vinaingia. Soma maandishi kwenye kichwa, ya kadi huwa imeandikwa PCI-E au VGA, na mara nyingi imegawanyika 6 na 2, ya prosesa imeandikwa CPU na ikigawanyika ni 4 na 4.

Kwasababu ya hiyo historia sikuichomeka kadi mpya popote mpaka nimeipima. Multimita kwenye kipimo cha shoti, ncha moja kwenye pini za volti 12 za soketi zake, nyingine kwenye hasi. Haikulia. Nikapima na upande wa meno ya dhahabu, haikulia. Ndo nikairuhusu iingie.

Kuweka

Hapa ni haraka kama nilivyosema. Meno ya kadi niliyafuta kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichotoa manyoya, nikaacha ikauke. Wengine wanasugua kwa kifutio cha penseli, mi sishauri, ile dhahabu ni tabaka jembamba sana na kifutio kinaacha makombo yake, yaani unatoa uchafu unaweka mwingine. Kadi mpya ni nene, inaziba nafasi mbili za nyuma, kwahiyo vibamba viwili vinatoka. Kasha limelazwa ili uzito wa kadi ukusaidie. Ule ulimi wa chini wa bamba la nyuma lazima uingie kwenye uwazi kati ya bodi na kasha, ukikaa juu ya ukingo kadi inanyanyuka upande uleule wa pini 11 na unarudi kwenye giza. Sukuma mwisho wote miwili kwa pamoja, sawasawa. Afu angalia ubavuni: ule mstari wa dhahabu usionekane, au kama unaonekana kidogo basi uwe sawa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ukiwa unapanda upande mmoja, kadi haijakaa, usifunge skrubu ukidhani skrubu itaivuta. Skrubu zinashikilia tu mahali kadi ilipo, ikiwa imekaa vibaya zinaishikilia vibaya.

Kebo mbili za pawa saplai yake, kila moja kwenye soketi yake, mpaka klipu zilie. Plagi, swichi, kibonyezo. Kitaa cha VGA kikawaka, kikazimika, picha ikaja.

Kijana alitaka kufunga aondoke. Ila klipu bado imevunjika na kadi ni nzito, kwahiyo nikasimamisha kasha kama litakavyokaa kwake, nikafungua GPU-Z, programu inayoonyesha hali ya kadi, kuangalia mstari wa basi, yaani kadi inaongea na bodi kwa njia ngapi. Ilisoma x8. Hapa kuna mtego, kadi ikiwa imepumzika inapunguza kasi ya njia zenyewe ili kuokoa umeme, utaona 1.1 badala ya 3.0 ukadhani ni kasoro, kumbe ukiipa kazi inapanda. Ila idadi ya njia kwa kadi hii haikutakiwa kushuka hivyo, na hata nilipobonyeza kile kijaribio cha pembeni kuipa kazi, kasi ikapanda, x8 ikabaki x8. Kwenye BIOS, mipangilio ya bodi yenyewe, njia zilikuwa zimeachwa zijipange zenyewe, na sloti ya chini haikuwa na kitu, kwahiyo hakukuwa na kingine cha kugawana nacho.

Nikainua mwisho wa kadi kwa kidole, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, ikapanda dhahiri. Bila klipu ule mwisho wa mbali ulikuwa unashuka kwa uzito wake na meno ya mwisho yanatoka kwenye pini, na njia ya 8 mpaka ya 15 ziko hukohuko mwisho. PCI Express ikikosa njia haigomi, inakubaliana na zilizobaki inaendelea, ndo maana mtu anaweza kukaa miaka na kadi iliyoning'inia asijue. Kwa kadi kama hii tofauti ya x16 na x8 kwenye kazi za kawaida ni ndogo, sikatai, lakini mimi x8 niliisoma kama dalili kwamba kadi inacheza kwenye sloti, na kitu kinachocheza leo kinapoteza njia nane, kesho kinakata picha katikati ya kazi. Tukaweka nguzo ya kadi, kile kijiti chenye sumaku chini kinachosimama kwenye sakafu ya kasha na kubeba mwisho wa kadi. Usiinue kupita kiasi, inatakiwa kadi ilale mstari mmoja tu na bodi, ukizidisha unaikunja upande wa pili. GPU-Z ikasoma x16, ikiwa imepumzika na ikiwa na kazi.

Upande wa programu haukuwa na mengi. Kadi zote mbili ni za NVIDIA kwahiyo Windows ilijishikiza na draiva (programu inayoiendesha kadi) iliyokuwepo, tukaweka toleo jipya tukachagua usakinishaji safi, basi. Kama ungekuwa unahama kutoka kampuni moja kwenda nyingine ningeondoa draiva ya zamani kabla ya kuchomoa kadi, programu ya DDU ukiitumia Windows ikiwa kwenye hali salama (safe mode) inaifagia vizuri. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kulinda mafaili, ihakikishe ile namba ndefu ya kufungulia unayo kwenye simu au karatasi kabla hujagusa kadi wala BIOS, maana Windows ikiona vitu vimebadilika inaweza kuiomba, na ikiiomba huna, picha unayo ila mafaili huna.

Klipu yenyewe hatukuigusa. Kwenye bodi yake haibadiliki bila kuvunja vunja, na kazi yake sasa inafanywa na skrubu mbili za nyuma na ile nguzo, inatosha kwa mashine inayokaa mezani. Kadi ya zamani ikaingia kwenye ule mfuko wa kuzuia umeme tuli uliokuja na mpya, taulo akabaki nalo. Kwa njiani nilimtolea kadi mpya nikaiweka kwenye boksi lake, kwasababu kasha lisilo na klipu likirushwarushwa kwenye gari kadi yote inaninginia kwenye bamba la nyuma na pini za sloti, na nguzo ya sumaku haikai mahali pake kwenye mtikisiko. Akalalamika kwamba itabidi aiweke mwenyewe akifika. Nikamwambia sloti ni safi, ulimi wa bamba anaujua, aniletee tu picha ya ule mstari wa dhahabu kabla hajachomeka plagi. Aliituma, upande wa nyuma ulikuwa juu kidogo, nikamwambia toa rudia, ya pili ikawa sawa.